Nimetumwa Chaki

Kabla hakijawa ofisi yangu, kilikuwa stoo ya chaki.
Vumbi lake bado limo katika nyufa za sakafu,
na nikikohoa, walio nje hudhani nalia.
Viti ni viwili. Kimoja kina mguu mfupi,
nimeutegemeza kwa karatasi ya mtihani wa muhula jana,
ule walioanguka nusu ya darasa.
Hicho ndicho ninachokikalia mimi.

Kibao cha mlangoni kilisema USHAURI NASAHA,
rangi nyekundu, herufi za kusomeka toka getini.
Muhula mzima hakuja mtu.
Nani atakata uwanja wa paredi mchana kweupe,
macho ya shule nzima juu ya sweta yake,
aende kubisha chini ya maneno yale?
Nikaking'oa. Nikaweka katoni ya chaki dirishani.
Wakaanza kuja.

"Nimetumwa chaki, mwalimu."
Hakuna aliyewatuma.
Wametumwa na usiku usio na usingizi,
na chupa iliyofichwa katika mfuko wa unga,
na shangazi aliyesema, utazoea.
Akeyo alisimama akihesabu vipande, akakosea, akaanza upya,
kisha akasema hana hamu ya kuamka.
Kuamka, alisema. Nikaliandika neno hilo hilo,
nikaliuliza polepole, upande kwa upande,
na jioni ile sikumwacha aende nyumbani peke yake.
Kila mmoja hutoka na chaki mkononi
ili wenzake wasiulize.

Muindi, kidato cha tatu, alikuja ananukia peremende,
tatu kwa mpigo, na chini yake mogoka.
Shavu moja limetuna.
"Jino?" nikauliza.
"Jino," akajibu.
Tukazungumza habari za jino wiki mbili.
Jino lilianza baba alipofutwa kazi kiwandani, Baba Dogo.
Huuma zaidi usiku, sufuria zinaporushwa.
Jino lina wenzake wanne, hununua pamoja nyuma ya choo.
Siku ya kumi na tano akatema kwenye karatasi,
akaikunja mara nne,
akaiweka mezani kama mtu anayelipa deni.

Naibu wa mkuu, Bwana Oguta, alitaka majina.
"Hao wanne ni akina nani?"
Si mtu mbaya. Agosti alimzika mpwa wake,
na tangu hapo hupekua mabegi
kama anayetafuta kitu alichokipoteza yeye.
Nikamwambia daftari langu lina meno tu.
Hakucheka. Alikaa kwenye kile kiti kizima
mpaka kengele ikalia, akainuka,
akatoka na kipande cha chaki,
naye hajafundisha tangu mwaka juzi.

Jumamosi nilipita Kariobangi, kwa mama yake Muindi,
anauza omena kwa kipimo cha kopo la rangi.
Nyuma ya mlango wa mabati niliona mistari ya chaki:
kumi na mmoja,
kisha doa jeupe lililofutwa kwa kiganja,
kisha miwili.
"Huyu ananisaidia kuhesabu madeni ya wateja," mama akasema,
na uso wake ulijaa fahari.
Nikanunua omena ya shilingi hamsini.
Sikumsahihisha.

Leo asubuhi kabisha kabla ya paredi,
mvua imemkolea mpaka kwenye soksi.
Harufu ya peremende haipo. Au ipo, sina hakika,
vumbi hili limeniziba pua.
Shavu? Sikuangalia shavu.
"Mwalimu," anasema, akiwa bado mlangoni,
"chaki imeisha."

Nainamisha katoni. Nyingi zimevunjika.
Namtafutia ndefu.