Sifuri ya Jobo

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Jamhuri,
kazi yangu ni kuuliza upepo ulichukua nini.
Bati ngapi. Geji gani. Zilinunuliwa lini.
Risiti iko wapi, mama?
Risiti nayo ilipaa.

Ukutani nina jedwali la vimbunga vya pwani hii.
Ni fupi, lina matundu, na Bwana Lyatuu hulipenda hivyohivyo:
"Ikweta ni ukuta wetu," husema, akikoroga chai.

Cha sabini na mbili, karne ya juzi, hakina jina;
kilichobaki ni mikarafuu iliyolala Unguja.
Cha hamsini na mbili, Lindi, nacho hakina.
Miaka themanini kati yao.
Kisha sitini na saba, ndipo Kenneth, kule mpakani.
Kisha miwili.
Kisha mitatu, akaja Hidaya
akaikata barabara ya Kusini kama uzi wa cherehani.
Hidaya! Zawadi ya nani kwa nani?

Nimeruka mmoja. Jobo.
Kilisemwa kinakuja kwetu, Dar, kikafia mlangoni.
Safu ya hasara: sifuri.

Basi akaingia Mwanamvua Pazi, wa Mjimwema,
viatu mkononi, asichafue sakafu.
Alisikia redio, akaezua genge lake mwenyewe,
bati kumi na sita, akazilaza chini, akazipa mawe.
Friji akaiuza kwa bei ya kutupa.
Watoto akawapakia kwenda Kisarawe, nauli ya kukopa.
"Nikakaa nakingoja. Hata kanga kwenye kamba
haikutikisika."
Usiku wakaja watu, si upepo.
Mawe waliyaacha.

"Andika kimbunga," akasema.
Hakikufika, mama.
"Kwako."

Bima hakuwa nayo. Hata angekuwa nayo,
mkataba wetu unataka kasi, unataka kilomita kwa saa,
na hofu haina kipimo pale uwanja wa ndege.
Nilimwambia hivyo, kwa maneno laini ya ofisi.
Akavaa viatu ngazini. Nilivisikia hadi chini.

Kando ya ile sifuri nimeandika, kwa penseli,
bati 16, friji 1, nauli ya watoto wanne,
ili Lyatuu akitaka, afute.
Hajafuta.
Nadhani hajaona.