Dume Hajulikani

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Inaingia
bila hodi, kupitia dirisha la kaskazini,
hadi mezani nilipopanga vichupa thelathini na viwili
vya spiriti, na ndani ya kila kimoja
mguu, mguu, mguu, mpaka minane,
imekunjamana kama ngumi ya mtoto aliyelala.

Vimetoka Panama. Kimoja Peru, kando ya mto
ambao jina lake karani wa posta
alilisoma mara tatu, kisha akacheka.
Vimeletwa vilinganishwe na wetu wa msitu wa Rungwe.
Mwalimu Mwakabungu anashuku ni ndugu
waliopoteana kabla bahari haijaingia kati.

Mimi kazi yangu kuandika.
Urefu wa mwili: milimita sita na nusu.
Kifua: rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.
Tumbo: kijivu, mistari miwili iliyokatikakatika
kama barabara ya Katumba wakati wa masika.
Macho: manane, safu mbili,
ya nyuma imepinda kidogo, kama mtu anayekumbuka.

Hilo la mwisho mwalimu alilikata kwa wino mwekundu.
"Pima, Subilaga. Usihisi."

Kiswahili kilitupa neno moja, buibui,
halafu kikaligawa tena kwa vazi.
Yule wa darini, yule wa migombani,
anayeruka, anayechimba, anayetembea juu ya maji,
wote buibui. Ufagio haubagui.
Lakini chini ya hadubini
huwezi kusema buibui ukanyamaza.
Unamgeuza chali kwa sindano, taratibu,
unatafuta pale chini ya tumbo
kufuli dogo, ambalo kila aina ina lake,
na ufunguo mmoja tu duniani unaoliingia.
Jina linatoka hapo.
Rangi hudanganya. Ukubwa hudanganya. Hata utando.

Na chupa baada ya chupa, mwandiko wa mtu nisiyemjua,
kwa penseli, kwenye kikaratasi kama ukucha:
mahali, mwinuko, tarehe.
Jike mmoja. Dume hajulikani.
Majike wawili. Dume hajulikani.
Nimeinakili mara kumi na tisa leo.
Ya ishirini, kalamu ikasita.
Sentensi hii tunafahamiana.
Imo kwenye cheti changu cha kuzaliwa,
ila pale hawakupoteza maneno:

Jina la mama: Anyosisye. Kazi: mkulima.
Jina la baba: —

Jumamosi mama alipanda na kapu la ndizi,
akavua ndala mlangoni kama yuko kanisani.
Nikamsogezea kiti, nikamwelekeza jicho kwenye kioo.
Akakaa kimya muda wa kumenya ndizi mbili.
"Macho yote haya," akasema,
"na bado hakumwona akiondoka."
Akacheka. Miaka thelathini na moja
sijamsikia akilicheka hilo.
Kisha akauliza kama wananuka,
kama kuna watu wanawanunua,
kama mshahara umeingia.

Usiku wa Jumanne nilienda na tochi ukingoni mwa msitu,
baridi ya kung'ata masikio, mianzi ikisuguana.
Jike alikuwa katikati ya utando, mnene, ametulia.
Pembeni kabisa, kitu kama chembe ya ulezi.
Nilikuwa ninyooshe kidole kuipangusa
ikasogea.

Milimita moja na robo. Miguu minane, yote mizima.
Pengine amekuwa akining'inia hapo
kila mara tulipokuja kuhesabu.
Nikamtia chupani, nikashuka mbio, matope hadi magotini,
nikawasha taa, nikamlaza chini ya kioo,
ufunguo kwa kufuli.

Haukuingia.

Si wake. Wa mwingine, wa utando mwingine,
mpita njia aliyepumzika.

Nikachukua fomu. Nikaandika kwa mwandiko mzuri
Dume bado hajulikani,
na sasa nimekaa, sketi imenigandia mapajani,
nasubiri kuona kama wino mwekundu
utalikata lile neno la pili.