Kitabu cha Mshoni wa Langoni

Kwenye sanduku la babu
nimekikuta kitabu
cha mshoni, cha hesabu;
pembe zake zimeliwa.

Jina lake ni Shekuwe,
Langoni, nyumba ya mawe;
kwa wino wake mwenyewe
kila deni limetiwa.

Suruali mia sita,
kikosi kipya cha vita;
Mwingereza ameleta
kitambaa cha kushonwa.

Kikosi cha Tisa, Pwani:
vijana wa visiwani,
na wa Witu, wa barani,
kwa ngoma wakakusanywa.

Wakafunzwa kwata, miti
mabegani, kwa sauti,
punda wakikata kati;
bunduki zilichelewa.

Kando ya kila kipimo
na majina yao yamo:
Famau, mrefu kimo,
mguu umerefushwa;

Mbwarahaji, mwana Kombo,
kiuno cha mwenye tumbo,
fundi kaandika fumbo:
"Jeshini atapunguzwa."

Na Nuhu, mwana wa Mishi,
miaka haimtoshi,
kaapa: "Sibabaishi";
upindo ukaachiwa.

Wakaondoka na meli
mchana wa jua kali;
fundi hakulipwa mali,
hati tu kakabidhiwa.

Mwezi wa tano: viraka.
Mwezi wa sita: mashuka
ya homa na kutapika,
upesi yametakiwa.

Mwezi wa nane: bafuta.
Kipimo hawakuleta,
na kalamu ikasita:
hii si ya kuvaliwa.

Mwaka na nusu, kikosi
kikafutwa kwa upesi:
saini na karatasi,
na namba ikang'olewa.

Huko kwao, vitabuni,
ni sentensi ya pembeni,
herufi ndogo, za chini,
na mwaka umekosewa.

Aliporudi Famau,
guu moja, angalau;
"Shona," kasema, "sahau."
Kitambaa kikakatwa.

Mbwarahaji karejea,
kiuno kimepotea;
fundi hakuchekelea,
fumbo lake likafutwa.

Akadai ofisini
rupia za cherehani;
wakajibu: "Ni za nani?
Kikosi kimeshafutwa."

Kaki iliyobakia
babu ndiyo katumia,
chuoni akikimbia,
viraka vikaongezwa.

Mishi, kila Ijumaa,
mlangoni alikaa:
"Nguo ikishachakaa
ataileta kushonwa."

Kwa Nuhu hakuna neno,
ila doa, kama wino
au jasho la mkono,
na nafasi imeachwa.