Ukurasa wa Nne

Kamusi niliianza kwa kuokota:
jiwe kwanza, kisha chumvi, kisha njaa,
nimekaa kwenye tope la Nuwe hadi kiunoni,
maana hapo ndipo wanapozungumza.
Sauti yao haipiti hewani, hupita majini,
nawe usipolowa husikii kitu.

Miguu mitatu, na wa tatu dhaifu,
hivyo hakuna asimamaye kutwa bila kumwegemea mwenzake.
Kapteni Petkanov aliwatazama kwa darubini, akacheka:
"Viumbe gani hawa, hata kusimama wanaazimana?"
Mimi nilikuwa nakwangua tope kwenye kucha.

Nisiseme uongo, si malaika.
Niliwaona wawili, Oomu na Tessua,
wakigombea beseni la chumvi siku tisa.
Walikaa bwawani mgongo kwa mgongo, wakatukanana
(matusi yao ni marefu, yana vibwagizo),
na kwa kuwa kila mmoja alikuwa ukuta wa mwingine
hakuna aliyeweza kuondoka kwa hasira.
Siku ya kumi chumvi ilikuwa imeyeyuka yote.
Wakacheka,
au wakafanya kile nilichokiandika "cheka",
kwa penseli, na alama ya kuuliza.

Ikaja amri kutoka makao makuu,
mistari minne na muhuri:
wenyeji watekwe kabla jua la pili halijachwa.
Ilkay, fundi wa mitambo, akajifanya anakaza nati
iliyokwisha kukazwa.
Kapteni akanipa kipaza sauti.
"Waambie tumekuja kuwateka."

Sasa, neno hili.
Katika kamusi yangu liko ukurasa wa nne:
mkono unazama mtupu, unarudi umejaa.
Ukurasa wa nne una kisima, una kata.
Hauna nyara. Hauna kamba.
Nilikiacha kipaza sauti mezani, nikashuka topeni,
nikameza silabi moja, ile "wa" ya katikati,
nikaimeza kama kidonge bila maji,
nikasema: "Wageni wamekuja kuteka."

Wakatoka.
Mia nne, labda zaidi,
kila mmoja na chombo chake: gamba, fuvu la mnyama wa kale,
na lile beseni, bado lina ukungu mweupe wa chumvi,
wameegemeana, mstari mmoja mrefu unaoyumba
hadi mlangoni mwa chombo chetu.

Tangi letu lilikuwa na ufa tangu mwezi wa pili.
Vikombe viwili kwa siku, na funda moja la kusukutua.
Walilijaza. Ufa waliuziba kwa tope na mate.
Askari wetu walijaribu kupokea kwa mkono mmoja,
bunduki mkono wa pili,
lakini gamba la Nuwe ni zito, lataka mikono yote,
na mtu mwenye kiu hafikiri mara mbili.
Bunduki zikalazwa kwenye matope.
Mbili hatujazipata mpaka leo.

Kapteni akaandika ripoti, nikaisoma begani mwake:
Operesheni imekamilika. Wote wametekwa. Risasi: sifuri.
Midevu yake ilikuwa inadondosha maji juu ya karatasi.
Sikusahihisha.
Si kazi ya mkalimani kusahihisha sarufi ya mkubwa.

Lakini chombo kingine kiko njiani,
nacho kina mashine ya kutafsiri,
isiyolowa, isiyomeza silabi.

Jana Oomu aliniegemea. Uzito wake sijauzoea,
ni kama kuegemewa na mlango.
Akauliza mbona siku ile
maji yaliyonizunguka yalikuwa yakitetemeka.
Nikamwambia: lipo neno lenye sura ileile,
ila ndani yake hamna maji.
Akakaa kimya, muda wa jua moja kuzama.
Kisha akataka alisikie.

Penseli ninayo. Ukurasa wa nne una nafasi pembeni.
Mguu wangu umekufa ganzi chini ya uzito wake,
na sijausogeza.