Gia ya Nne

Juni, alfajiri, tunatoka Newala.
Ukungu umekaa barabarani kama mgeni asiyeaga.
Corona ya marehemu baba inanguruma gia ya tatu,
inanguruma tu,
ya nne haiji.

Mshale wa joto umelala chini kabisa.
Nikasema afadhali.
Sisi tuliokulia kwenye hofu ya mshale kupanda,
madumu manne ya maji nyuma,
mama akiruka mlimani na jiwe la kuzuia tairi,
tungeogopaje mshale uliolala?

Masasi, fundi wa kwanza: "Gia boksi imekufa."
Bei yake, korosho za misimu miwili.
Wa pili alimwaga mafuta ya gia, akanusa, akaguna,
akatia mapya, akanidai.
Ya nne haikuja.

Wa tatu, Nandonde, binti Chilumba wa Mkomaindo,
gia boksi hakuigusa.
Aliwasha gari, akashika bomba la juu la rejeta,
akafumba macho.
"Dakika mbili tu, lishapata uvuguvugu.
Maji yanapita ovyo, mlango hakuna.
Nani kang'oa themostati?
Injini haipati joto, na gia ya nne
imeambiwa isubiri joto.
Haijafa hii. Ni mtiifu."

Akafungua rejeta: maji mekundu,
kutu nzito kama uji wa mtama.
"Ugonjwa ulikuwa huu. Njia imeziba,
mzee kang'oa mlango!"
Akacheka. Nami nikacheka, kwa aibu.

Kwenye dashibodi, chini ya risiti za chama cha msingi,
kitu kimefungwa kwa gazeti:
duara la shaba, springi yake, vumbi.
Nandonde akakitumbukiza kwenye sufuria ya chai
ya Bi Atukwao (akatukanwa, akalipa).
Maji yalipochemka, kikafumbuka
taratibu, kama jicho.
"Kizima," akasema. Hakucheka tena.

Baada ya Nagaga, mshale umesimama katikati,
gia ya nne iliingia bila kishindo,
nikajua tu kwa sababu kelele ilikwisha.

Gazeti lilikuwa kiti cha pembeni, linapepea.
Pembeni mwake, kwa kalamu, mwandiko wa baba:
"Irudishwe rejeta ikisafishwa.
Msimu ujao."
Msimu ujao ameukata,
juu yake ameandika tena: "ujao."