Chuma

Kwanza vidole viwili, cha shahada na cha kati.
Alishindwa kukaza nati ya baiskeli, akasingizia Juni,
baridi ya Tabora haina adabu.
Nikamkanda kwa maji ya chumvi.

Kisha ngozi. Akaiva kama jani la tumbaku ndani ya bani.
Pale Isevya wakamsifu: Mihayo, unang'aa, pensheni imelipa!
Naye akacheka, mkono kauficha mfukoni
asije mtu akautaka kwa salamu.

Uchovu ukahamia kwetu kama mgeni asiyeaga.
Mtu aliyebeba mataruma toka Igalula hadi Goweko
anapumzika katikati ya kufunga kamba za viatu.
"Damu imemwishia," akaamua Bi Chausiku,
akaleta maini, akaleta choya,
nami nikanunua vile vidonge vyekundu, kutwa mara tatu,
nikasimama mbele yake mpaka ameze.
Mungu wangu, nilivyomlisha!

Ya chumbani siyasemi.
Nasema tu kitanda kilipanuka.
Na sisimizi: walipanga mstari hadi pale anapokojoa,
mstari ulionyooka kuliko reli.

Kitete, daktari Ruhwanya alisoma karatasi, akairudia.
"Chuma, mama. Kimejaa kwenye ini, kinaelekea moyoni.
Mwili wake haujui kukataa."
Mihayo akacheka hadi akakohoa:
miaka thelathini na mmoja naikanyaga reli,
kumbe nayo inaniingia!
"Si reli, mzee. Umerithi. Baba alikufaje?"

Kicheko kikakatika.

Baba yake alikufa tumbo limejaa, ngozi imeiva hivi hivi,
na usiku wa matanga wakamtaja shangazi, Kalekwa,
wakamchomea nyumba.
Akaenda Usoke na sufuria moja kichwani.

Sasa kila Jumatano wanamtoa damu, mfuko mzima.
Nimeitazama: nyekundu tu, kama ya mtu yeyote.
Vidole bado vinauma. Daktari hakuahidi vidole.
Bi Chausiku haelewi, mtu mchovu mnampunguza damu?
Maini yake nayala mimi.

Jana Mihayo amekata tiketi ya Usoke, daraja la tatu.
Hajui kama Kalekwa yu hai.
Amefungasha kitenge na kilo mbili za sukari.
Usiku nikamsikia akiyajaribu maneno gizani,
"Shangazi, ilikuwa…" anaanza, anaacha,
"Shangazi, kilikuwa chuma,"
anakunja ngumi,
haifungi.