Ganda

Ziwa limeganda. Malori ya kuni yanapita juu yake
kwenda visiwani, taa zikiwaka saa nane mchana.
Damu ya Taisto haigandi.
Nami, ghorofa ya tatu, Kuopio, Februari,
nashona ganda.

Wewe uliyelala kwenye friza,
nyuzi themanini chini ya sifuri,
huna jicho, huna nia,
huna hata ugonjwa wa kujivunia.
Tulikutoa matumbo, tukakupakia jeni moja,
kama wanavyooka hapa kalakukko:
mkate mweusi, mgumu, samaki wamelala ndani,
na hakuna ajuaye kilichomo mpaka kisu kipite.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulisema.
Mwenyeji akakataa.

Maana Taisto, akiwa na miaka minne,
alipata mafua. Siku tatu za kamasi, homa ya usiku mmoja.
Raakel, mama yake, akampaka mafuta kifuani
akaenda kugawa barua.
Ndugu yako wa porini alipita humo siku zile
bila kuvunja hata kikombe.
Taisto hakumbuki. Raakel hakumbuki.
Damu haikusahau.
Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka;
huyu hakuumwa, aliguswa tu na ukoka,
na miaka kumi na tano baadaye
bado kuna rungu nyuma ya mlango.

Tulizimua majimaji ya damu yake
mara tano, mara hamsini,
mara mia sita na arobaini.
Bado kingamwili zilikukamata.
Kwenye fomu wakaandika: Hafai.
Nikapiga simu mimi. Raakel akauliza,
"Kwa hiyo kosa lake ni kuwa na mwili hodari?"
Nilisikia injini ya gari la posta ikizimwa.

Basi nikaanza.
Pande ishirini, vipande sitini,
na juu yake vinundu, ndipo wanapokushika.
Nikapinda kimoja. Nikapunguza kingine.
Si uso mzima: nikikubadilisha sana, ini halitakujua;
nikikuacha ulivyo, walinzi watakujua mno.
Kati ya hayo mawili pana upenyo
mwembamba kama barafu ya Aprili.

Kisha nikaacha kupanga.
Nikatengeneza mamilioni yenu, kila mmoja na kosa lake,
nikawamwaga kwenye damu iliyochangwa na watu elfu nisiowajua,
kila mtu na mafua yake ya zamani.
Asubuhi nikaokota waliobaki, nikawazalisha, nikawarudisha.
Mia mbili. Nikawarudisha.
Kumi na mmoja.
Fundi hapo ni kifo; mimi namshikia taa.

Wenzangu husema tunamdanganya mlinzi.
Silipendi neno hilo. Mlinzi huyu ndiye
aliyemvusha Taisto kwenye tetekuwanga,
na kwenye mengine tusiyoyajua kwa kuwa hayakutokea.
Simcheki. Natafuta tu namna ya kupita
bila kumwamsha bure.

Namba saba, jana ulipita katika damu yake.
Si nyote: sita katika kila kumi.
Na hii ni chupa tu, si mtu.
Mbele kuna panya, kuna miaka, kuna fomu nyingine.
Na siku utakapoingia, ataukariri uso huu pia,
hatausahau tena.
Hodi ni moja.

Alikuja kukuona, goti limevimba,
mkongojo ukiacha vidimbwi vya theluji sakafuni.
Nikainua mrija kwenye mwanga.
"Ni maji," akasema.
"Yanafanana na maji," nikasema.
Akacheka, akavaa kofia.

Kutoka dirishani nilimwona akikata njia juu ya ziwa,
mkongojo kwanza, mguu baadaye,
akigonga barafu, akisikiliza,
kabla ya kuiachia uzito wake.